Maneno Yaliyohesabiwa kwa Penseli

Kozi za mtandaoni zinazomnoa mtu aweze kusoma vitabu vya chuo kikuu zina mababu wawili, na wote wawili walikuwa watu wa hati mkato. Hawakuwa maprofesa wa fasihi wala watunga kamusi. Walikuwa mabingwa wa ule mwandiko wa mistari na vitone ambao makatibu muhtasi wa zamani waliutumia kunasa maneno ya bosi kabla hayajapeperuka. Mmoja aliishi Uingereza, akafundisha kwa posta. Mwingine aliishi Ujerumani, akahesabu maneno. Mafundi waliowafuata walishika njia mbili tofauti kwa miaka mingi, hadi zilipokutana ndani ya kompyuta.

Wa kwanza ni Isaac Pitman, mwalimu wa mji wa Bath. Kitabu chake cha hati mkato kilitoka mwaka 1837, lakini kilichompa umaarufu wa kufundisha watu wa mbali ni mabadiliko ya posta. Hadi wakati huo barua nchini Uingereza ilikuwa anasa: bei ilipanda kadiri ya umbali, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Tarehe 10 Januari 1840 serikali ikaweka bei moja, peni moja, kwa barua nyepesi kwenda popote nchini. Pitman hakuchelewa. Akachapa mfumo wake wote kwenye karatasi moja, akawa anaituma kwa wanafunzi, nao wakanakili aya za Biblia kwa hati mkato na kumrudishia azisahihishe.

Katika kule kurudi kwa karatasi ndiko kulikokuwa na jambo jipya. Vitabu vya kujifundishia vilikuwapo zamani, lakini mwenye kitabu peke yake hana wa kumwambia amekosea wapi. Mwanafunzi wa Pitman aliiona kazi yake imepita mikononi mwa mtu mwingine na kurejea na alama za wino. Kufikia 1843 wanafunzi walikuwa wamezidi, hata kikaundwa chama cha watu wa kujitolea wa kuwasahihishia bila malipo.

Wa pili ni Friedrich Wilhelm Kaeding wa Berlin. Yeye alisumbuliwa na swali la kifundi kabisa: katika Kijerumani, ni maneno na silabi zipi zinazojirudia zaidi, ili zipewe alama nyepesi kuandika? Mtu mwingine angekisia. Kaeding alikusanya jeshi la wasaidizi, maelfu kwa maelfu, wakagawana maandishi na kuyahesabu neno kwa neno kwa mkono, mpaka wakafikia karibu maneno milioni 11. Kazi hiyo ilichapwa 1897 na 1898. Hadi leo ni vigumu kuifikiria bila vidole kuuma.

Kutoka kwenye hesabu ile ya makarani likazaliwa wazo ambalo walimu wa lugha hawakuwa nalo bado: kwamba maneno hayana uzito sawa. Machache hufanya kazi kubwa, mengi hujitokeza mara moja moja, kama ndugu wa mbali wanaoonekana msibani tu. Kama ndivyo, basi anayejifunza kusoma lugha ngeni hana sababu ya kuyakabili yote kwa mkupuo.

Mmarekani aliyeligeuza wazo hilo kuwa chombo cha darasani ni Edward Thorndike wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1921 alitoa kitabu cha walimu chenye maneno 10,000 ya Kiingereza yaliyopangwa kwa wingi wa matumizi. Alihesabu zaidi ya maneno milioni 4 kutoka maandishi 41 tofauti: Biblia, fasihi, vitabu vya watoto, vya upishi, vya ushonaji, vya kilimo, magazeti na barua. Mwalimu aliyekuwa na shaka kama neno fulani linafaa kwa darasa lake sasa aliweza kulitafuta na kuona nafasi yake.

Lakini aliyeliona tatizo kwa macho ya msomaji wa koloni ni Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu katika Bengali na kuongoza chuo cha ualimu cha Dhaka. West aliona vijana wa Kibengali wakikalishwa darasani miaka kadhaa kwa ajili ya Kiingereza, kisha wengi wao wakiacha shule katikati ya safari. Aliuliza swali lililowaudhi baadhi ya wenzake: aliyeacha shule baada ya miaka miwili ameondoka na nini mkononi? Kuzungumza hakuweza, kuandika hakuweza, na kusoma pia hakuweza, kwa sababu vitabu vya kiada vilijaa maneno adimu ambayo hata Mwingereza huyakuta mara chache. Hoja yake, aliyoieleza kwa kirefu katika kitabu cha 1926, ilikuwa kwamba kusoma kutangulie, maana kusoma ndiko kunakomlipa mwanafunzi mapema hata akiishia njiani.

West akaanza kuandika vitabu vya kusoma vya aina nyingine. Aliondoa maneno adimu, akaweka ya kawaida mahali pake, akayatawanya maneno mapya kwenye ukurasa ili yasimwangukie msomaji kwa kishindo, na kila neno jipya likarudiwa hadi lizoeleke. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliowahi kushika hadithi za Kiingereza zilizorahisishwa, vile vijitabu vyembamba vya maktaba ya shule, walikuwa wakila matunda ya mbegu ya Dhaka. Mwaka 1935 yeye na J. G. Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo kama 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Aliyewahi kufungua kamusi, akakuta neno gumu limeelezwa kwa neno gumu zaidi, ataelewa kwa nini hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Wakati huohuo C. K. Ogden wa Cambridge alikuwa anauza wazo lake la mwaka 1930 la Kiingereza cha maneno 850. Lilipendwa na wanasiasa na kubishiwa na walimu. West alikuwa miongoni mwa wapinzani wakali. Mwaka 1934 taasisi ya Carnegie iligharamia mkutano New York kuwakalisha pamoja wahesabuji na walimu: Thorndike, West, Harold Palmer aliyekuwa akifanya kazi Tokyo, na wengine. Miaka karibu 20 baadaye, 1953, West alichapisha orodha iliyotokana na juhudi zile, maneno ya msingi karibu 2,000, kila moja likiwa na maana zake na wingi wa kila maana. Orodha hiyo ilitawala ufundishaji wa Kiingereza kwa miongo kadhaa, ingawa ilikuwa na harufu ya zama zake: hesabu yake ilifanywa kabla televisheni haijaenea, na kompyuta haimo.

Posta nayo haikuwa imelala tangu siku za Pitman. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa mwanamume yeyote, popote alipojifunzia. Mlango wa shahada kwa wanawake ulisubiri hadi 1878. Kule Boston, 1873, Anna Eliot Ticknor alianzisha chama cha kuwahimiza wanawake wasome nyumbani. Wanafunzi waliandikiana na walimu wao kila mwezi, wakaazimwa vitabu kwa posta, na kwa miaka 24 ya uhai wake chama hicho kiliwahudumia wanawake zaidi ya 7,000 ambao vyuo vingi vya wakati huo havikuwataka. Miaka mitano baada ya Ticknor kuanza, kando ya ziwa Chautauqua katika jimbo la New York, kikazaliwa chama kingine kikubwa zaidi, chenye mpango wa kusoma wa miaka minne kwa wakulima, wake wa wachungaji na wenye maduka. Mmoja wa walimu wa Chautauqua, William Rainey Harper, alipokuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofunguliwa mwaka 1892, alihakikisha chuo hicho kinafundisha kwa barua tangu mwanzo.

Afrika Mashariki ilikutana na njia hii kupitia sanduku la posta. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni shule za sekondari zilikuwa chache mno, na karani wa bohari au mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka cheti cha juu zaidi hakuwa na darasa la kuingia. Alikuwa na jina la kampuni. Wolsey Hall ya Oxford na Rapid Results College yalikuwa majina yaliyofahamika vema kwa watu wa tabaka hilo. Masomo yalikuja katika bahasha, majibu yakarudishwa kwa meli au ndege, na mtu akangoja. Aliyeishi mbali na mji aliweza pia kufaidi Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948 na makao yake Nairobi, ambalo mbali na kuchapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine lilisambaza vitabu vya kuazima kwa masanduku na kwa posta. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanza Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilitoa shahada ya London. Mwanafunzi aliketi Lumumba, shahada ikatoka ng'ambo.

Baada ya uhuru serikali zenyewe zikashika kazi ya posta. Nairobi ilikuwa na kitengo cha masomo kwa barua tangu 1967, chini ya chuo kikuu, kikiwanyanyua walimu ambao hawakuwa na sifa kamili kwa mchanganyiko wa vitini na vipindi vya redio. Tanzania ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoanzisha elimu kwa njia ya posta kwa msaada wa Sweden. Na pembeni ya bahasha hizo kulikuwa na kishindo kikubwa zaidi: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu kama milioni 2 kwenye vikundi vya redio na vijitabu, na Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake kwa wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wakishuka kutoka theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi karibu mmoja katika kumi kufikia 1986.

Taifa zima, basi, lilikuwa limejifunza kusoma Kiswahili. Mlango wa chuo kikuu ulikuwa umeandikwa Kiingereza.

Hapo ndipo hadithi ya Dhaka ilipojirudia, na safari hii kwa watu wenye uhuru wao. Mtoto wa Tanzania alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza na kukuta historia, biolojia na jiografia zote zimehamia lugha nyingine kwa usiku mmoja. Aliyefika chuo kikuu alifika amechujwa mara nyingi, lakini hata yeye alihitaji kusaidiwa. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, cha kuwafundisha wanafunzi wapya kusoma kitabu cha chuo, kuandika muhtasari, na kuifuata hoja ya mwandishi kutoka aya hadi aya.

Ufundi wa namna hiyo ulikuwa umeshapata umbo Marekani. Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitoa mwaka 1946 utaratibu wake wa hatua tano ambao hadi leo haukosekani katika kozi hizi: pitia sura nzima kwa haraka, jiulize maswali, soma, jieleze ulichopata bila kuangalia, kisha rudia. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba unadhani msomaji anayajua maneno yaliyo mbele yake.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Miaka miwili baadaye, 1984, watafiti wawili Waingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walizunguka shule za Tanzania wakiwapa wanafunzi majaribio ya kusoma yenye maneno yaliyofutwa, mwanafunzi ajaze pengo. Matokeo yalitisha. Kati ya wanafunzi wa Kidato cha Nne, kama asilimia 10 tu walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza yaanzie. Yaani waliokuwa wanamaliza safari hawakuwa tayari kuianza. Jibu lililokuja mwaka 1987, kwa fedha za Uingereza, lilikuwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na sehemu kubwa ya mradi huo ilikuwa shehena za hadithi zilizorahisishwa. Kwa maneno mengine, wajukuu wa Michael West. Mtu anaweza kubishana sana kuhusu uamuzi wa kutogusa lugha ya kufundishia, na Watanzania wamebishana tangu siku hiyo, lakini vile vijitabu vilisomwa.

Ila hadithi iliyorahisishwa humfikisha mtu kwenye maneno 2,000 ya kwanza, labda na zaidi kidogo. Kutoka pale hadi kwenye kitabu cha uchumi kuna korongo. Wengi wa waliolipima korongo hilo mwanzoni hawakuwa Oxford wala Harvard. Walikuwa walimu wa vyuo ambavyo wanafunzi wake, kama wale wa Dar es Salaam, walisoma kwa lugha isiyo ya mama zao. Jean Praninskas wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut alihesabu maneno ya vitabu 10 vya mwaka wa kwanza na kutoa orodha yake 1972.

Robert Lynn wa Chuo Kikuu cha Nanyang, Singapore, alifanya jambo la werevu zaidi. Badala ya kuanza na maneno ya mwandishi, alianza na penseli ya mwanafunzi. Alikusanya vitabu 52 na vitini kadhaa vilivyotumiwa na wanafunzi wa uhasibu, biashara na uchumi, akahesabu maneno ambayo wanafunzi wenyewe walikuwa wameyaandikia tafsiri juu ya mstari au pembeni mwa ukurasa. Alama hizo zilifika kama 10,000. Mohsen Ghadessy alifanya kazi ya aina hiyo Iran mwaka 1979 kwa vitabu vya kemia, biolojia na fizikia.

Penseli zile zilifichua kitu ambacho walimu wengi hawakukitarajia. Mtu angedhani mwanafunzi wa biolojia hukwama kwenye istilahi ndefu za Kilatini. Hakukwama huko sana, kwa sababu istilahi mwalimu huieleza, huichora ubaoni na kuiuliza kwenye mtihani. Alikwama kwenye maneno ya katikati, yale ambayo si ya mtaani na si ya somo lolote: ya kudhania, kukadiria, kubainisha, kutofautisha, kudokeza. Hayo mwalimu huyapita mbio akiamini kila mtu anayajua. Ni kama nguzo za nyumba ya makuti: mgeni husifia paa, mwenyeji akiondoa nguzo moja anajua kilichokuwa kimeshikilia paa.

Aliyeifanya hesabu hiyo upya kwa kompyuta ni Averil Coxhead, wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, palepale ambapo Paul Nation na Xue Guoyi walikuwa wameunganisha orodha za zamani mwaka 1984. Coxhead alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 kutoka fani 28 za sanaa, biashara, sheria na sayansi. Akayaweka kando yale 2,000 ya West. Kisha akauliza ni maneno gani mengine yanayotokea mara nyingi na katika zaidi ya nusu ya fani hizo. Yakabaki makundi 570, aliyoyatangaza mwaka 2000. Kundi hapa lina maana ya ukoo mzima wa neno. Kwa mfano wa Kiswahili, soma, somo, msomaji, usomaji na someka vingehesabiwa kuwa ukoo mmoja.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Kwenye ukurasa wa kitaaluma wenye maneno 100, yale 2,000 ya West hufunika kama 76, na yale 570 ya Coxhead huongeza 10. Kwenye riwaya, hayo 570 hayafikii hata mawili katika mia. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma hadithi za Kiingereza kwa raha kabisa, kisha akafungua kitabu cha sosholojia na kuhisi kama ametupwa ufukweni pasipo na mtu. Na ndiyo maana kozi ya mtandaoni ya kumwandaa mwanafunzi, iwe imetengenezwa Arizona au Manila, mara nyingi hutembea juu ya orodha hii au jamaa zake, hata pale isipoitaja.

Kuunganika kwa njia ya posta na njia ya hesabu kulitokea kwa mfano mzuri Oman. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa karibu na Muscat mwaka 1986, wakati serikali ya huko bado ilikuwa inawatumia sana Waomani waliorudi kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, watu waliokuja na Kiswahili chao pamoja na Kiingereza cha shule za kikoloni. Vijana waliozaliwa na kukulia Oman hawakuwa na Kiingereza hicho. Wa biashara walitakiwa kupita kwanza mtihani wa Cambridge wenye orodha ya maneno kama 2,400, na muda ulikuwa mfupi kiasi kwamba wengi walikimbilia kukariri kutoka kamusi ndogo za Kiarabu na Kiingereza. Mwalimu wao Mkanada, Tom Cobb, akatengeneza programu ya kompyuta iliyomwonyesha mwanafunzi neno moja likitokea katika sentensi nyingi zilizopangwa mistari kwa mistari, ili aichimbue maana mwenyewe badala ya kuimeza. Utafiti huo ukawa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1997. Baadaye aliuhamishia mtandaoni, bure, na tovuti yake leo humruhusu yeyote kubandika ukurasa na kuona kwa rangi maneno yapi ni ya msingi, yapi ya kitaaluma na yapi adimu. Kaeding angehitaji wasaidizi wangapi kwa kazi inayofanyika sasa kabla kahawa haijapoa?

Afrika Mashariki ilifika mtandaoni kwa hatua zake. Mwaka 1994 mambo mawili yalianza bila kujuana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 766, wengi wao watu wazima wenye kazi, waliosoma kwa vitini na kukutana na walimu kwenye vituo vya mikoa. Na Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani kikawa makazi ya kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, moja ya za mwanzo kabisa kwa lugha ya Kiafrika, iliyojengwa na watu wa kujitolea neno baada ya neno. Kwa mwanafunzi wa Songea au Bukoba kamusi hiyo ilikuwa mbali kuliko bahasha za Oxford; simu za mezani zilikuwa chache na intaneti ilipitia setilaiti kwa bei ya kuogofya. Mambo yalibadilika Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa na kugusa Dar es Salaam na Mombasa. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Stanford kilipofungua kozi moja ya akili bandia kwa dunia nzima, watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Waliomaliza walikuwa sehemu ndogo tu, jambo ambalo walimu wa posta wangelitabiri: kuchukua bahasha ya kwanza hakujawahi kuwa kazi ngumu. Ngumu ni kurudisha ya nane.

Kiswahili chenyewe nacho kimehesabiwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walikusanya maandishi ya Kiswahili kwenye kompyuta, na hazina yao ya kwanza ilikuwa na maneno kama milioni 12.5, karibu sawa na yale ya Kaeding. Ilibidi kwanza kutatua fumbo ambalo Kijerumani hakikuwa nalo. Kwa mashine isiyojua sarufi, anasoma, walisoma na hatutawasomesha ni maneno matatu yasiyohusiana, na orodha yoyote ya marudio ingejaa vitenzi vilivyokatwakatwa. Hurskainen akaunda programu ya kuvua viambishi kimoja kimoja hadi mzizi ubaki. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyokuwa imetoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, iliendelea kwa upande wa istilahi na kutoa kamusi za isimu na za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hayo ni majina ya vitu na dhana, paa la nyumba. Yale maneno ya nguzo, ya kudhania na kubainisha na kudokeza, yanahitaji mhesabuji wake, na mfano wa kuanzia ni ule wa Robert Lynn wa Singapore.

Maana penseli zipo. Mtu akipita kwa wauza vitabu vya mtumba katikati ya Dar es Salaam atakuta vitabu vya kale vya uchumi na sheria vilivyopita mikono mingi, juu ya mistari ya Kiingereza pameandikwa Kiswahili kidogokidogo, "kwa hiyo", "ijapokuwa", "kukisia", wakati mwingine na alama ya kuuliza. Nakala za madesa, yaani vitini vya wanafunzi, za miaka ya karibuni zina zaidi. Kila alama ni mahali ambapo msomaji mmoja alisimama, na zikikusanywa kwa wingi zitaonyesha wanafunzi wa hapa wanasimama wapi, si wa Singapore wala wa Iran. Basi mwenye kitabu chake cha chuo chenye maandishi ya penseli pembeni, kimelala kabatini tangu miaka ya 1980, asikiachie kiende kufungia karanga. Akipeleke maktaba ya chuo kilicho karibu naye, na asiyafute yaliyoandikwa.